Maisha ya Mkaguzi wa Mikono, 2012–2024

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliokuja kusimama nasi, familia imenituma mimi, mjomba wa marehemu, kaka mkubwa wa mama yake, nisome maisha ya kijana wetu, na wameniomba nisichekeshe sana, ombi ambalo nitapambana nalo kama ninavyopambana na kitambi changu. Kabla sijaanza, niliseme lile mnalonong'onezana: mama yake hayupo hapa, yuko hospitalini na binti yake mdogo, ambaye homa ilimpanda asubuhi hii tulipokuwa tukijiandaa kutoka nyumbani, na mkiyasikiliza maisha haya mtaelewa kwa nini ameondoka, na kwa nini hatutamngoja.

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mkaguzi, alizaliwa Jumatano tarehe 9 Mei 2012, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, mtoto wa kwanza wa baba fundi umeme na mama karani wa posta, akiwa na kilo tatu kasorobo na sauti ya mtu aliyecheleweshewa huduma.

Alikua vizuri hadi Oktoba 2013, alipopata homa yake kubwa ya kwanza, na bibi yake, kwa mapenzi yale yale aliyotulea nayo sisi, akamfunika mablanketi mawili, akafunga madirisha, akakataza mtu yeyote asimwamshe kumlisha, maana kwetu mtoto mgonjwa huachwa alale, na kufikia jioni mtoto alikuwa amelegea kama kitambaa kilicholowa, kisha degedege likamshika. Vipimo vilifuata kwa miezi, hadi tarehe 20 Machi 2014 daktari wa watoto alipotuketisha na kutuambia kuwa ni ugonjwa wa mitokondria, yaani vile visehemu vidogo ndani ya chembe za mwili vinavyogeuza chakula kuwa nguvu, vyake vinasuasua, na homa ikipanda mwili unadai nguvu usiyokuwa nayo. Mimi, fundi wa injini za meli, niliyerudi kutoka bandari nyingi nikiwa na maneno mengi kuliko mizigo, nilijiona nimeelewa kuliko wote, nikauliza kama havibadilishwi, naye akanijibu kwa upole, "Kaka, hivi havina spea."

Tangu hapo nyumba ile ilikuwa na utaratibu wake, kipimajoto kilikaa juu ya friji, homa ikianza mtoto alipunguziwa nguo na kupewa dawa ya homa kwa kipimo alichoandikiwa kufuatana na uzito wake, akafutwa kwa maji ya vuguvugu wala si ya baridi, kwa kuwa kutetemeka nako kunakula nguvu, akaamshwa anywe na ale hata akinuna, na akitapika au kulegea hapakuwa na mjadala, ni hospitali, awekewe dripu ya maji ya sukari. Nyakati nyingine homa iling'ang'ania majuma mawili, madaktari wakatafuta kwenye damu, mkojo, kifua na masikio wasione mdudu, wakasema ni mwili wenyewe umeshindwa kudhibiti joto lake, ila wakaonya kwamba kila homa mpya itafutiwe chanzo kana kwamba ndiyo ya kwanza. Siku moja shemeji yangu, kwa uchovu, alisema, "Si ile homa yake ya kawaida?" dada yangu akamgeukia, "Ya kawaida kwa nani, baba?" na maneno hayo hayakusemwa tena katika nyumba ile.

Alianza darasa la kwanza Januari 2019, katika shule iliyo nyuma ya nyumba yao, akisoma hadi saa nne kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, na kwa kuwa hakupaswa kukaa na njaa alikula biskuti katikati ya hesabu, jambo lililowafanya wenzake nusu darasa wamweleze mwalimu kuwa nao wanaumwa.

Kuhusu kazi, alijiajiri mwenyewe, alikaa mlangoni kwao akikagua mikono ya kila mgeni, mwenye mafua akapelekwa nje ya dirisha azungumzie huko, na mimi mjomba wake, niliyepita forodha za kila namna nikitabasamu tu, kwake nilirudishwa mara nyingi, "Mjomba, nawa tena, hiyo ni grisi au ni rangi yako?"

Hakuoa, ingawa alimwahidi shangazi yake kwamba akipatikana mwenye kucha fupi atalifikiria. Hakuacha mtoto, ila alimlea mdogo wake, aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 2019 na kukutwa na ugonjwa huo huo, na yeye ndiye aliyekuwa akimbembeleza kwenye homa, "Meza kijiko hiki kimoja cha kwako, na hiki cha mjomba, yeye ana tumbo kubwa."

Tarehe 6 Agosti 2024 alishikwa na homa iliyotokana na nimonia, akapelekwa hospitali siku hiyo hiyo, akapewa kila kilichowezekana, moyo wake ukachoka, na Jumapili tarehe 18 Agosti, asubuhi, akafariki mikononi mwa wazazi wake.

Msibani nimesikia ikisemwa kuwa mbio zote zile hazikuzaa kitu, basi huyu mdogo aachwe apumzike. Ndugu zangu, mbio zile zilitupa miaka kumi baada ya mablanketi yale, na kila mmoja hapa ana siku aliyochekeshwa naye ndani ya miaka hiyo. Leo asubuhi shangazi yao aliuliza, "Mama gani hamziki mwanawe?" na dada yangu, mtoto tayari mgongoni, akamjibu, "Wifi, huyu nimeshamuaga, huyu mwingine sitaki kumuaga," basi shangazi akaubeba mfuko wa hospitali, akaingia garini naye, ndiyo maana hata yeye hamumwoni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya watoto, waliompokea kila mara bila kutuuliza tumefuata nini tena, walimu wake, wafanyakazi wenzao baba na mama waliowashikia zamu, majirani kwa magari yenu, na bibi yake, aliyejifunza upya kumlea mgonjwa akiwa na miaka sabini. Shemeji, baba watoto, udongo wa kwanza utauweka wewe, kwa niaba yenu wawili.

Nawe mjomba wangu, pumzika kwa amani, zamu ya homa ya mdogo wako tumeipokea sisi, na mikono tumenawa.