Joho Lisilo na Mkono Mmoja

Leo, tarehe 28 Novemba, mwalimu wetu wa ushonaji anastaafu baada ya miaka thelathini na moja. Mimi, kiranja wa darasa lake, nimepewa kusoma wasifu huu, nami naahidi kusema yote, hata ambayo hakutaka yasemwe.

Alianza na cherehani mbili, moja mbovu. Leo chumba kimejaa, na kwaya nzima huvaa majoho yaliyoshonwa na wanafunzi wake. Jina la Mama Fumua alilipata kwa haki. Mshono ukipinda, hakukaripii. Husema tu, "Fumua, mwanangu." Kisha huvuta kigoda, huchukua wembe na kufumua pamoja nawe, huku akitania kwamba hata nyoka angeona aibu kupita njia ile.

Kila Ijumaa alitufundisha Neno la Mungu. Tulipomuuliza kwa nini Mungu anayetupenda huturudi kwa adhabu, alijibu kwamba hakuna anayejisumbua kufumua tambara la kudekia. Hufumuliwa vazi ambalo mwenyewe bado analitaka. Tena Baba anayekurudi haendi mbali. Hukaa nawe mpaka uzi wa mwisho utoke.

Dada yangu, aliyekuwa mwanafunzi wake kabla yangu, hakungoja kuliona hilo. Siku moja kabla ya kwaya kuimba, alishona mkono wa kushoto wa joho kwenye kwapa la kulia. Mwalimu wa kwaya alisema, "Nani ataona?" Mama Fumua akasema lifumuliwe. Dada akatupa mkasi. "Huyu mama hanipendi!" Akatoka, asirudi shule tena.

Mama Fumua alifumua peke yake, ila hakuushona mkono ule. Joho linaning'inia kabatini hadi leo, limepigwa pasi. Anayeuliza huambiwa, "Lina mwenyewe."

Sasa Dada anashona kibandani sokoni. Mshono ukipinda hufumua, hata mteja akisema basi, yatosha. Juzi nilipomsimulia habari za joho, miguu yake iliacha kukanyaga cherehani. Baadaye akauliza kama Mama Fumua bado amemkasirikia. Nikamwambia aje leo, nitamuulizia.

Mwalimu, asante kwa kila mshono uliotufumulia, na kwa kutotuacha peke yetu na wembe. Mungu akupe siku za raha, na kigoda cha nyumbani kwako kisikose mgeni.

Ila kabla hujakabidhi funguo za kabati, naomba unijibu hapa hapa, hata kwa kuitikia kwa kichwa. Dada yuko nje ya mlango huu, na sindano yake. Aingie?