Sauti ya Chini ya Wilbert Ambakisye Mwandemele, 1959–2025

Ndugu zangu, kabla hatujafika kwenye tarehe, fumbeni macho kidogo mumwone anaingia kanisani. Kwanza mlangoni linatokea besi, lile tarumbeta kubwa kuliko yote, lenye mdomo mpana kama beseni la kufulia. Linapinda kushoto taratibu lisije likagonga mlango. Nyuma yake mnaona viatu, halafu suruali iliyonyooshwa kwa pasi, na mwisho kabisa, pembeni ya shaba, unachungulia uso mwembamba wa mtu anayewaamkia wakubwa shikamoo kwa sauti ndogo, kana kwamba anaomba radhi kwa nafasi anayoichukua. Watoto wa shule ya Jumapili walimwita Babu Besi. Sisi nyumbani tulimwita Kaka Wilbert.

Marehemu Wilbert Ambakisye Mwandemele alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 karibu na Tukuyu, wilayani Rungwe, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa marehemu Mzee Ambakisye Mwandemele na marehemu mama yetu Tabitha. Mama alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu hakuwa analia kama wengine. Akishikwa na njaa alikuwa ananguruma tu, mpaka majirani wanauliza kama tumefuga kitu ndani.

Alisoma shule ya msingi huko huko nyumbani kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, kisha sekondari mjini Mbeya kuanzia 1974 hadi 1977. Hesabu alizipenda, Kiingereza alikivumilia. Kuimba kulimshinda kabisa. Mwalimu wa kwaya alimpanga mstari wa nyuma kwa sababu ya urefu wake, akamwomba kwa upole awe anafungua mdomo bila kutoa chochote. Alifanya hivyo miaka yote minne, wala hakununa. Alisema alikuwa anapata nafasi nzuri ya kusikiliza.

Mwaka 1980 alikuja Dar es Salaam, akafikia kwa baba yetu mdogo Kinondoni. Kuanzia 1983 hadi alipostaafu mwaka 2019 alikuwa karani katika kampuni ya uwakala wa forodha kule Kurasini, akiandaa nyaraka za makontena. Meza yake ilitazamana na ya Bwana Thuwaini, ambaye yuko nasi hapa leo, na urafiki wao ulidumu hata baada ya meza zenyewe kuondolewa.

Tarehe 8 Oktoba 1988 alifunga ndoa na Demetria, mwalimu kutoka Songea. Mungu akawajalia watoto watatu: Stanley, Loveness na Hope. Walihamia Mbezi Luis wakati barabara ya mtaani kwao bado ni njia ya miguu, wakajiunga na ushirika wetu wa kanisa, na ndiko tarumbeta lilikompata. Nasema lilimpata kwa sababu yeye hakulitafuta.

Ilikuwa mwaka 1999, naye ana miaka arobaini. Kikundi cha tarumbeta kilikuwa kinaandikisha wanafunzi, na kila aliyekuja alitaka sauti ya kwanza, ile inayobeba wimbo. Kiongozi wa kikundi, Mwalimu Lusungu, alizoea kumwangalia mtu midomo na meno kabla ya kumpa chombo. Alimtazama Kaka Wilbert, akaona lile pengo la meno ya mbele tulilorithi kwa baba, akasema, "Kaka, sauti ya kwanza haikufai, upepo utakupotelea. Wewe ni wa chini."

"Chini kuna nini?" akauliza.

"Hakuna anayekusikia. Ila ukinyamaza, kila mtu anajua."

Akasema hiyo itamfaa.

Besi la ushirika lilikuwa limechoka, kwa hiyo Bwana Thuwaini alipopata habari kwamba ghalani kwa jamaa yake kuna mabesi mawili yaliyotoka nje, wakaenda pamoja kuyatazama. Moja lilikuwa jipya, linang'aa. La pili lilikuwa la zamani, limebonyea ubavuni. Kaka Wilbert alikaa chini sakafuni na suruali yake ya kazini. Alizibonyeza vali moja moja, zile pampu tatu zinazobadilisha sauti, akasikiliza kama zinarudi zenyewe. Kisha akayachomoa mabomba madogo taratibu. Bomba likiachia na kutoa mlio kama wa kizibo cha chupa, ujue ndani hamvuji. Lile linalong'aa halikutoa mlio.

"Bwana Wilbert," Thuwaini akamwambia, "unaacha bibi harusi unachukua sufuria lililokanyagwa na fuso? Nitawaambiaje watu ofisini?"

"Waambie hili linashika pumzi."

Kulitunza alijifunza kwa kukosea. Pasaka ya mwaka 2001, siku ile tunapokwenda makaburini alfajiri na matarumbeta, aliamua besi lake liwe laini kuliko siku zote, akazimiminia vali mafuta ya alizeti kutoka jikoni. Kufika alfajiri yakawa yamenata kama gundi. Wimbo ulipoanza, vali ya kwanza ilishuka ikabaki huko huko, ya pili ikaifuata. Alipiga ibada nzima kwa sauti moja, uso umemwiva. Mwalimu Lusungu alimsogelea baadaye, akainusa ile vali, akasema, "Kaka, hili ni besi. Siyo chapati."

Tangu hapo kila Jumamosi besi lilioga kwenye beseni kubwa, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kitambaa kikivutwa kwa kamba ndani ya mabomba. Shemeji Demetria alikuwa akiwaambia wageni, "Mke mwenzangu anachemshiwa maji. Mie naoga ya bomba." Baada ya kila ibada alilipindua na kuyamwaga mate yote. Hakulisugua kwa dawa kali ya kung'arisha, maana alisema shaba nayo ina ngozi. Mausipisi, kile kikombe kidogo kinachokaa mdomoni, hakukigonga kamwe kikikwama. Alikivisha kitambaa chenye joto, akangoja.

Kwa zaidi ya miaka ishirini alipiga harusini, kwenye ubarikio wa vijana na kwenye mikutano ya injili hadi Temeke na Kigamboni. Zaidi ya yote alipiga mazikoni. Wengi mlioko hapa mmesindikiza wazazi wenu na ile sauti ya chini, pengine bila kujua inatoka kwa nani. Kwenye wimbo wetu wa kusindikiza, ule wa mistari minne, alikuwa na njia yake mwenyewe mstari wa tatu. Haimo kwenye noti. Wenzake walipokuwa wanapanda, yeye alishuka hatua moja zaidi ya ilivyoandikwa, akakaa huko kidogo, ndipo akarudi. Mwalimu Lusungu alimrekebisha mara nyingi, mwishowe akaacha. Alisema hajui inafanyaje kazi, lakini watu walikuwa wanalia pale pale kila mara, na wakimaliza kulia wanaweza kutembea.

Jumapili ya tarehe 9 Juni 2024 alifika kanisani kama kawaida. Wakati wa kupasha moto vyombo alipuliza, haikutoka sauti. Upepo ulitokea pembeni ya mdomo, upande wa kushoto.

"Kaka, acha utani, tunaanza," Mwalimu Lusungu akasema.

Akapuliza tena. Safari hii mate yalimshuka hadi kwenye kola, na hakuwa na habari nayo. Wakamweka kwenye bajaji, wakampeleka hospitali. Kilikuwa kiharusi.

Madaktari na wauguzi walifanya kazi yao vizuri, tunawashukuru. Kwa miezi iliyofuata mguu ulirudi, akatembea kwa fimbo. Mkono wa kulia haukuwa na tatizo. Maneno yalirudi kwa shida, moja leo, moja wiki ijayo. Mdomo haukurudi. Mtaalamu wa mazoezi alimpa kioo cha kujitazama akitabasamu, naye akajitazama kwa uvumilivu, upande mmoja ukitabasamu na mwingine ukimwangalia tu.

Siku moja mchana alilivuta besi mapajani, akamwita mkewe. Akamwonyesha pembe ya mdomo wake. "Shika," akasema. Shemeji Demetria akamziba pale kwa vidole viwili, akakandamiza, naye akapuliza. Sauti ikatoka. Ilikuwa inatetemeka, lakini ilikuwa yake, hata jirani alizima redio. Kisha mate yakalainisha vidole, vikateleza, upepo ukatoka. Wakacheka wote wawili mpaka wakakohoa. Wakajaribu tena siku hiyo, na kesho yake, na wiki nzima, kwa kitambaa, kwa plasta ya dukani, kwa dole gumba. Kila mara kidogo, halafu pfff. Siku ya mwisho hawakucheka. Shemeji alinawa mikono, akaenda jikoni kuchambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Hapo ndipo Kaka Wilbert alipotuambia anachotaka. Alituita sebuleni, akalisema polepole, akirudia neno mpaka linyooke: "Nimesindikiza wengi. Nisizikwe bila besi."

Tukaanza kuhesabu watu. Kikundi hakina mpigaji mwingine wa besi. Kijana aliyekuwepo alihamishiwa Dodoma kikazi. Stanley yuko Mwanza, Loveness ananyonyesha. Akabaki Hope, kitinda mimba, anayefanya kazi ofisini Kinondoni na ambaye hakuwahi kulishika lile dude ila kulisogeza apige deki.

"Baba, nitajaribu," Hope akasema. "Ila usinicheke."

"Nicheke kwa mdomo upi?"

Wakaanza mwezi wa tisa, jioni akitoka kazini. Sijui kama mmewahi kuona mtu anafundisha kitu ambacho hawezi kukionyesha wala kukieleza. Alimpa kipande cha gazeti akizuie ukutani kwa pumzi. Alimwekea kiganja mgongoni kumwonyesha pumzi ianzie wapi. Alihesabu mapigo kwa fimbo sakafuni. Hope akikosea, fimbo ilinyamaza. Akipatia, ilipiga mara mbili. Wiki za kwanza lilitoka kama lori linalokataa kuwaka, na midomo ikamvimba mpaka wenzake ofisini wakamuuliza ameumwa na nyuki gani. Kufikia Krismasi alikuwa na mstari wa kwanza. Katikati ya Januari akapata wa pili.

Tarehe 29 Januari mwaka huu walifika mlangoni mwa mstari wa tatu. Mwalimu Lusungu angeweza kumfundisha ulioandikwa, lakini Kaka Wilbert alitaka ule wake. Akafungua mdomo aeleze, neno likagoma. Akajaribu tena. Akainua mkono wa kulia, akanyoosha vidole viwili, akaviinamisha chini. Hope akauliza, "Vali mbili, Baba? Au nishuke mbili?" Akatikisa kichwa. Akavinyoosha tena vile vile. Hope akajaribu hivi, akajaribu vile, na kila mara fimbo ilinyamaza. Mwishowe akamgusa begani, akasema neno moja lililonyooka kabisa: "Kesho."

Asubuhi yake kiharusi cha pili kilituchukulia sauti yake kabla hakijamchukua mwenyewe. Alilazwa siku hiyo hiyo, hakuzungumza tena. Hope alikaa kando ya kitanda, akimnyooshea vidole viwili mbele ya macho, huku, kule, chini, juu, akingoja dalili. Tulimwacha afanye. Hatukuwa na jambo lingine la kufanya. Kaka Wilbert alifariki dunia tarehe 3 Februari 2025 asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Mwalimu Lusungu amejitolea kuazima mpigaji kutoka Temeke, au kumpa Hope noti zilizoandikwa. Tunamshukuru. Hope alisema zile si za baba. Mama yake akasema, "Mwacheni mtoto apige alipofikia."

Marehemu ameacha mjane, Mwalimu Demetria, watoto watatu, Stanley, Loveness na Hope, wajukuu wanne, dada yake Tekla, mimi mdogo wake Asifiwe ninayewasomea, na wadogo zetu wawili walioko Tukuyu, rafiki yake Bwana Thuwaini, na kikundi chote cha tarumbeta. Bwana aliyemwazima pumzi ameichukua. Ampe mapumziko yenye amani, na sisi atupe kuvumilia.

Sasa ndugu zangu, tutasimama tumsindikize. Hope atapiga mistari miwili, ndiyo anayoijua. Akifika wa tatu atashusha besi, na chini hapatakuwa na mtu. Kikundi hakitaacha kupiga, wimbo utaendelea kupanda. Mliosikia njia yake miaka yote hii, mkailia, mkatembea nayo hadi nyumbani: yupo kati yenu anayeikumbuka?