Pomoni na Kisima cha Mtaa Wetu

Ndugu, jamaa, majirani, nanyi nyote mliokuja kutushika mkono, mimi ni mdogo wake marehemu, yule aliyemwachia ziwa, na familia imenituma niwasomee maisha yake kwa ufupi, ingawa yeye na ufupi hawakupatana hata siku moja.

Kaka alizaliwa tarehe 12 Machi 1956, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi hapa hapa mtaani, kisha sekondari ya bweni, kisha chuo cha mafundi wa maabara alikohitimu Novemba 1978. Mwaka uliofuata aliajiriwa na idara ya maji, akapewa kazi ya kupima kama maji ya kunywa yameingiwa na viyeyushi, yaani zile dawa za karakana za kuondolea grisi kwenye vyuma. Huko ndiko alikobandikwa jina la Pomoni, kwa sababu kichupa cha maji hayo lazima kijae pomoni, kifunikwe, kigeuzwe juu chini, na kikionekana kiputo kimoja cha hewa, mwaga uanze upya, maana sumu hiyo hukimbilia kwenye hewa, na majibu yakatoka safi kumbe ni uongo. Hata chai alimimina hivyo hivyo, wageni wakaungua vidole, naye akashangaa wanalalamikia nini.

Tarehe 4 Mei 1985 alimwoa shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa binti mmoja na mapacha wa kiume.

Agosti 1991 alipima kisima chetu, kile cha nyuma ya karakana, majibu yakaja safi, akatutangazia tunywe, na mama yetu akawa wa kwanza kuchota. Baada ya siku chache akakumbuka kwamba siku ile, kwa furaha ya kuwa nyumbani na soga za jamaa, alikifunika kichupa bila kukigeuza. Nani angejua? Lakini alisimama kisimani watu wakiwa na ndoo zao, akasema amekosea, tusinywe, wala tusijidanganye kwa kuchemsha. Lo, alizomewa! Mama alinuna, wengine wakamwita kigeugeu. Akapima upya, sumu ikaonekana, kisima kikafungwa, tukaletewa bomba. Alichokililia, na nilimwona akilia, ni zile siku tulizokunywa kwa neno lake.

Alistaafu mwaka 2016, figo zikaanza kumsumbua Februari 2021, akafariki hospitalini alfajiri ya tarehe 9 Juni mwaka huu. Najua mnalonong'ona, naye alijua mtalinong'ona, akaniagiza niwaambie kwamba hakuna aliyepima kama ni yale maji, basi msiseme. Haya, nimefikisha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliokesha nasi, na wenzake wa maabara waliomvumilia.

Kabla hajarudishwa hospitali, binti yake, aliyerithi kazi hiyo, alikinga maji ya bomba letu, akakigeuza kichupa mbele ya kitanda, baba yake akakitazama weee, akasema kuna kiputo, mwaga, na binti akamwaga, akaanza upya. Majibu aliyasubiri, hakuyawahi.

Yametoka jana, kaka. Maji ni safi, na tumekunywa. Amani yako ijae pomoni, sasa pumzika.