Ameir Suleiman Mbarouk na Ngano Aliyoila Mara Moja

Marehemu Ameir Suleiman Mbarouk alizaliwa Chake Chake, Pemba, tarehe 14 Machi 1961. Alisoma hukohuko, kisha Morogoro, alikopata shahada ya kilimo mwaka 1988. Mwaka 1991 alikwenda Dakota Kaskazini, Marekani, kusomea uzalishaji wa mbegu. Mpemba aliyevaa sweta hata Agosti akaamua kuzitumikia nchi za baridi. Jamaa zake walicheka, yeye akaendelea.

Tangu 1998 alifanya kazi katika kituo cha utafiti hapa Maryland. Alitafuta ngano ngumu, ile ya makaroni, inayoweza kupandwa theluji ikiyeyuka na kuiva kabla baridi haijarudi. Kila ardhi ya Dakota ilipolainika, alisafiri kwenda kuipanda.

Alimuoa Bi Mahfudha mwaka 1995, baadaye wakahamia Columbia, mji wa hapa Maryland. Aprili 2022, jokofu la kituo lilipoharibika, alileta nyumbani mfuko wa mbegu zake bora akauhifadhi katika friji. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Mahfudha aliona ngano, akaona na nyama ipo, akavipika pamoja bokoboko. Ameir alirudi, akaiona sufuria, akakaa na wageni waliokuja kufuturu. Alikula, akaongeza. Walipoondoka ndipo aliposema zilikuwa mbegu gani.

“Mbona hukunizuia kupakua?” Mahfudha alimuuliza.

“Futari ya watu ningeimwagaje?”

Kazi ilirudi nyuma miaka mitatu. Hakuwahi kumlaumu, na hilo ndilo lililomuumiza Mahfudha zaidi.

Oktoba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Mei mwaka huu wenzake walipanda bila yeye. Siku za mwisho Mahfudha alimwambia, “Nisingezipika zile, leo ungeiona ngano yako mikononi mwa wakulima. Nisamehe.”

“Nilikusamehe kabla hujapakua, Mama Rahma. Lakini ningependa kuiona.”

Alifariki nyumbani, alfajiri ya Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025. Jioni yake ujumbe kutoka Dakota uliingia kwenye simu yake: barafu ya ghafla iliunguza mashamba ya jirani, ngano yake ikabaki kijani. Safa, binti yake mdogo, ndiye aliyeufungua.

“Mama, ngano ya Dad imesurvive.”

“Sasa nimwambie nani?” akasema Mahfudha.

Ameacha mjane, mabinti wawili, Rahma na Safa, mjukuu mmoja, Riyadh, na ngano ambayo bado haijapewa jina. Mola ampokee kwa rehema, apumzike kwa amani.