Zinki Sawa, Shaba Sawa, Tonge Halipiti

Ndugu zangu, jina la Bwana litukuzwe, hata kwa koo hili ambalo bado linauma. Nitasema polepole. Mkiona nimenyamaza katikati msiogope, nameza mate.

Wengi mnanijua. Mimi ni Kerubo, fundi wa nguo pale Keroka. Sikusomea ushonaji popote. Nilijifunza kwa kufumua nguo kuukuu na kuzishona upya, na mpaka leo mshono ukipinda kidogo tu naufumua wote. Ndivyo nilivyo katika kila jambo. Nikiogopa kitu, nakisoma mpaka macho yaume, nikidhani nikikijua chote hakitanigusa.

Na nilichokiogopa mnakijua. Mama yangu alikufa kwa saratani ya koo, nyumbani kwetu Manga, akiwa mwepesi kama mtoto. Mwishoni hata uji mwepesi ulikuwa unarudi. Mimi ndiye niliyeshika beseni.

Basi mwaka jana tonge la ugali, obokima yetu, likanikwama hapa, chini ya shingo. Nikanywa maji, likashuka. Kesho yake likakwama tena. Nilijua napaswa kwenda Kisii kuwekewa kamera, ule mpira mrefu unaopitishwa kooni. Lakini nilikuwa nimemwona mama akitoka hoi kwenye chumba cha kipimo hicho. Nikasema sitaweza. Nikaingia kwenye simu kutafuta njia nyingine.

Huko nikasoma kwamba damu ya kila mtu ina madini kidogo sana, kama zinki na shaba, na kwamba kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani watafiti wameona shaba imepanda na zinki imeshuka. Huenda, waliandika, siku moja vipimo hivyo vikasaidia kuutambua ugonjwa. Ndugu zangu, ile "huenda" niliiruka. Nilichoona ni sindano ya mkononi badala ya mpira wa kooni. Maabara moja mjini ikakubali kunitoa damu na kuipeleka Nairobi.

Majibu yakaja. Zinki sawa, shaba sawa. Nililia juu ya cherehani. Sabato iliyofuata nilisimama hapa hapa, nikawaambia Mungu amenipitisha, nanyi mkaimba pamoja nami. Nilimaanisha kila neno. Na asubuhi hiyo hiyo chai na mkate vilikuwa vimenikwama.

Baada ya ibada tuliketi nje kula. Mama mdogo Moraa, ndugu yake mama, alikaa mbele yangu.

"Kerubo, siku hizi obokima unaiogesha?" akasema. Akina mama wakacheka.

"Mchuzi ni mtamu, mama mdogo."

"Mtamu? Nimeupika mimi, na chumvi nimesahau."

Wakacheka tena. Yeye hakucheka. Alikuwa anatazama mkono wangu. Sisi hapa tunamega tonge, tunalibonyeza kwa dole gumba, tunachotea mboga. Mimi nilikuwa nalizamisha kwenye mchuzi mpaka linakaribia kuyeyuka, halafu nalisukuma kwa maji. Akahamia kando yangu, akasema kwa sauti ya chini:

"Dada yangu alianza hivi hivi. Tulidhani ni maringo."

"Damu yangu iko sawa. Si umesikia nikishuhudia?"

"Sikuulizi damu. Nakuuliza, chakula kinapita?"

Nikashindwa kumdanganya. Nikamwambia hakipiti.

"Basi Jumatatu tunaenda. Ukikataa, nitalala mlangoni pa duka lako, wateja wako waniruke."

Tukaenda. Daktari nilimpa karatasi yangu kabla hata sijaketi. Aliisoma yote, wala hakunicheka.

"Dada, haya bado yanachunguzwa," akasema. "Madini haya hupanda na kushuka kwa sababu nyingi, hata chakula, hata homa. Yakiharibika, hayasemi una saratani. Yakiwa mazuri, hayasemi huna. Karatasi hii haijaona koo lako. Niache nilione."

Mpira ulipopita, mama mdogo alinishika miguu akiomba kwa Kigusii. Wakachukua kinyama kidogo, kikapimwa. Ilikuwa ile ile ya mama.

Sitawapambia. Walinipasua. Sehemu ya mfereji wa chakula imeondoka. Dawa zilichukua nywele, na sauti ya kwaya haijarudi. Nakula kidogo kidogo kama ndege, nalala nimeegemea mito. Lakini daktari alisema ilikuwa bado ndogo, na kwamba ningekaa mwaka mwingine nikijisomea, ingekuwa imeenea, asingekuwa na cha kukata.

Kwa hiyo nashuhudia nini? Nashuhudia kwamba nilimshukuru Mungu kwa jibu ambalo hakunipa, naye hakuniacha nistarehe nalo. Aliniokoa kwanza na ile furaha yangu, ndipo akaniokoa na uvimbe. Asante, Bwana wangu!

Sijui kama itarudi. Nimetafuta sana, na hakuna aliyeandika habari za mwili wangu mimi. Kila asubuhi naanza kuogopa upya, na kila asubuhi namkabidhi tena. Hiyo ndiyo imani niliyo nayo, si kubwa.

Wiki ijayo narudi Kisii kuangaliwa. Najua kuna mtu hapa ambaye chakula kinamkwama na hajamwambia yeyote. Mtumaini Mungu, lakini twende. Usije mbele, usinyooshe mkono. Nifuate tu nje tukimaliza ibada. Tutaketi wote kwenye benchi la pale hospitali, na ukiogopa, nitaingia mimi kwanza, unione nikitoka.