Feni Ndani ya Begi

Jiji la Winnipeg lilikuwa linaunguza Julai ile, na ndani ya basi kila mtu alikuwa analoa jasho. Mbele yangu, mama mmoja mwenye kasha la fidla lililoandikwa jina Lavallée alimuuliza jamaa wa pembeni yake amekumbatia nini.

"Kompyuta mpya, mama. Leo nina shoo. Naimba kipande, inakirekodi na kukirudia, naongeza kingine juu yake."

"Ina feni?"

"Mbili. Ina nguvu hii."

"Pole, mwanangu. Maikrofoni itanasa na mvumo wa feni. Ukifika sauti ya nane utakuwa na feni kumi na sita."

"Kwani wewe pia unatumia kompyuta? Yako je?"

"Kuukuu, haina feni. Inachelewa kidogo kurudisha sauti, lakini nimeizoea kama nilivyomzoea mume wangu."

"Mimi ikichelewa naharibikiwa. Na hii haisikiki, niliijaribu dukani. Hata sasa imewaka humu begini. Unasikia kitu?"

"Nasikia basi."

Jamaa akatabasamu kama aliyeshinda kesi. Tulipofika kituo cha mwisho dereva akazima injini, lakini mvumo haukukoma. Abiria wote tukaligeukia begi.

"Hiyo ni hita ya basi," akasema jamaa, huku akijifuta jasho.