Msinirudishe Shinyanga

Ingieni ndani nyote, wanangu, mkae chini. Luhende, wewe kifungua mimba wangu, sogea hapa kichwani. Joyceline mama yangu, nishike mgongo. Na nyinyi wadogo mlioko mlangoni acheni kunong'ona, kwa maana sauti yangu haifiki mbali tena, na nitakayosema leo sitaweza kuyarudia. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ugonjwa wa tumbo mnaujua, mmeuuguza. Lakini uko mwingine nilioufunika miaka mingi, nao ni aibu, na sitaki uje kuniumbua nikiwa sina hata kichwa cha kuinamisha.

Mnajua nilivyowalea. Tulipotoka Shinyanga kufuata malisho tukafika hapa Nyabusozi, Luhende ukiwa mtoto wa kuswaga ndama, niliwaambia sisi ni wapita njia, tutarudi kwetu na kundi la kujaza bonde, na ndugu zangu walionicheka watakaa kimya. Ndiyo sababu nikakataza mti. Wasubi, wenyeji wetu, walipanda migomba na kahawa, nasi tukapanda mahindi, mtama na mihogo, vitu vya kung'oa na kuondoka, kwani nilisema mti humshika mtu miguu. Nyumba ya matofali nikaikataza pia, kila kiangazi tukaezeka nyasi, kila masika ikavuja. Mama yenu Secilia aliniomba mgomba mmoja tu nyuma ya jiko, apate majani ya kufunikia chungu chake. Nikamwambia avumilie. Akavumilia mpaka tukamzika hapa hapa, na mimi mtu mzima mwenye akili zangu nikawaambia kwamba siku ya kuhama tutachukua udongo wa kaburi lake kwenye kibuyu.

Sasa sikilizeni aibu yenyewe. Ndoto ile ya kurudi iliniisha zamani.

Mnakumbuka nilivyokwenda Shinyanga kumzika kaka yangu, nikarudi kabla ya matanga kuisha, mkadhani ni uchungu. Haukuwa uchungu. Nilikaa kwa ndugu zangu, katika uwanja niliozaliwa, nikashikwa na kiu ya rubisi, pombe ya ndizi ya jirani yetu Idefonsi. Nikawaza kivuli cha migomba yake, na wazee wa hapa wanavyonitania kwamba Msukuma hulala ndani na ng'ombe wake, mke akamlaza zizini. Nikajiona mgeni kwetu, na moyo wangu ukataka nyumbani, na nyumbani palikuwa huku. Ndani ya basi nilitabasamu peke yangu njia nzima. Nilipofika, Luhende, ulinipokea mzigo ukaniuliza, "Baba, tunahama lini?" Nikakujibu, "Mvua zikikatika." Mvua zimekatika mara ngapi tangu siku hiyo, mwanangu?

Nilikuwa naona haya. Mwacha asili ni mtumwa, ndivyo tulivyofundishwa, na mimi sikuiacha asili kwa njaa wala kwa vita. Niliiacha kwa raha. Nilipenda kukaa. Nilipenda ndizi, mimi niliyewakataza kuziingiza humu ndani, nikisema ni chakula cha watu wasiojua ng'ombe. Kila Jumapili nilipowaambia nakwenda kumtafuta ndama aliyepotea, nilikuwa kwa Idefonsi nakula ndizi za kuchoma na mrija wa rubisi uko mdomoni. Joyceline, usinifichie uso, najua unacheka. Cheka tu. Hakuna ndama mpumbavu wa kupotea kila Jumapili, na nadhani mama yenu alilijua hilo akaninyamazia.

Lakini wewe, Luhende, huwezi kucheka. Ulimpenda Auleria, binti wa Idefonsi, naye alikupenda, na baba yake alikuwa radhi. Nikakuambia msichana aliyekulia migombani hawezi kufuata ng'ombe hadi Shinyanga, ukaniitikia, "Ndiyo, baba." Akaolewa kule Nyarubungo. Ukasema utaoa tukishafika kwetu, na leo wenzako wana watoto wa shule. Na mimi, jioni ile ile uliyonikubalia, nilikuwa kwa huyo huyo Idefonsi nacheka. Sikuuacha mrija. Nilikunyima nchi hii huku mwenyewe naila kwa siri, na ndoto niliyokuwa nimeshaitupa nikaendelea kukufundisha wewe, kwa sababu uliishika vizuri na mimi nilipenda kutazamwa na mtoto anayeniamini.

Ningekufa na siri hii tumboni, kama si hawa wakimbizi wa Burundi. Mwaka jana nilipeleka mbuzi sokoni, kule kambini Ngara, nikamkuta mama mmoja Mrundi, Speciosa, anachimba shimo karibu na hema lake la turubai, apande chipukizi la mgomba. Watu walikuwa wanalilia kuni na maji, na polisi wametangaza hakuna kujenga cha kudumu. Nikamwuliza, "Mama, si utarudi kwenu?" Akasema, "Nitarudi, mzee. Lakini leo nimeamkia hapa." Akaendelea kuchimba. Yeye amefukuzwa kwao kwa panga, hana hata sufuria ya kwake, na anapanda. Mimi hakunifukuza mtu. Nilirudi nyumbani nikauangalia uwanja wetu mweupe usio na hata kichaka, nikashindwa kula.

Basi shikeni neno langu. Msinirudishe Shinyanga. Yale niliyowaapisha, kwamba mtanipeleka nikazikwe kwetu, nayatangua mimi mwenyewe niliyewaapisha, wala yasimfuate mtu. Nizikeni hapa, zizini kwangu, kama azikwavyo mwenye mji, na kwa kuwa kaburi la baba haliachwi, mtakuwa mmefika. Ng'ombe ni wenu wote, Luhende atawagawa kwa haki, ila madume meusi na mitamba yao ni yake peke yake, aoe anakotaka, kwa Wasubi, kwa Wahangaza, asiulizwe. Idefonsi atawapa machipukizi, nimekwisha kumwomba. Pandeni hadi mlangoni. Na mtu wa nyumba hii akipenda jambo lisilo na dhambi, alipende mchana, watu wakimwona.

Luhende, mbona unasimama? Kaa, mwanangu. Nitukane basi, lakini kaa... Mwacheni apite. Msimshike.

Joyceline, nilaze. Nipe maji... hayapiti, yaache. Amekwenda wapi kaka yako? Ameelekea barabarani? Nyamazeni. Nyamazeni nisikie.

Ni jembe hilo. Liko zizini.

Anachimba kaburi, na baba yake bado anapumua. Ni mwiko, najua, wala msimkataze, wazee wakiuliza semeni nilimruhusu. Ana hasira huyo, sikilizeni anavyopiga. Ana haki. Lakini anachimba hapa... Mpelekeeni maji, jua ni kali. Mwambieni arefushe upande wa kichwani, mimi ni mrefu.

Mungu awape mvua na maziwa, wanangu. Wazee wetu wa Shinyanga wawajue hata huku mliko... watoto wenu wasiulizwe wametoka wapi. Wewe Joyceline... nyinyi wadogo... na huyo anayechimba... mwambieni baba amesema asante. Amesema...